Samurai ya mtumba ilivyonifundisha soka la korongoni

Na Mwandishi Wetu

Dodoma. Ilikuwa dakika ya 71 wakati beki wa kulia wa timu ya wenyeji aliporuka kuokoa krosi, akagongana hewani na mshambuliaji na kuanguka vibaya. Sisi tuliokaa jukwaa kuu, yaani chini ya mbuyu, tulisikia mfupa kabla ya kusikia sauti yake.

Uwanja wenyewe ni wa kijiji kimoja Wilaya ya Chamwino, upande wa barabara ya Mpwayungu. Hakukuwa na machela wala sanduku la huduma ya kwanza. Kulikuwa na bodaboda sita, baiskeli nyingi na Suzuki Samurai moja nyeupe.

Samurai hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa na siku tisa tu tangu niinunue.

"Mwandishi, lete gari!" kocha alipiga kelele, nami nikakimbia kama mchezaji wa akiba aliyeitwa ghafla.

Tulimlaza yule kijana nyuma, mguu umefungwa kwa fito mbili na jezi ya akiba, kichwa kimekaa kwenye mapaja ya mama yake. Kocha akakaa mbele. Nikaondoka kwa mbwembwe, maana wanakijiji wote walikuwa wananiangalia.

Kilomita tatu mbele kuna korongo. Asubuhi nililivuka likiwa kavu, mchanga mtupu, nikajisifu kimoyomoyo. Kumbe wakati kipindi cha kwanza kinaendelea mvua ilinyesha huko juu, na sasa maji yalikuwa yanafika kwenye vifundo vya miguu.

Sikuwa na wasiwasi. Si nina fowili? Nikavuta ile gia ya pili, ile fupi iliyo pembeni ya gia ya kawaida, kama dalali alivyonionyesha. Taa ya kijani ikawaka. Nikaingia.

Katikati ya korongo gari likasimama. Nikakanyaga mafuta, likazama. Nikakanyaga zaidi, likazama zaidi. Nyuma kijana alikuwa anauma kola ya jezi yake ili asilie mbele ya kocha.

'MIGUUNI HUJAWEKA'

Tulisukuma mpaka tukachoka. Kocha alivua viatu, mimi nikavua shati, mama wa mgonjwa akawa anaomba kwa Kigogo. Dakika zikaenda.

Ndipo akatokea mzee mmoja na jembe begani, anatoka kwenye shamba lake la zabibu. "Mbukwenyi," alitusalimu, maana huku salamu haikwepeki hata mambo yakiharibika. Tukaitikia.

Hakugusa gari. Alisimama pembeni na kusema: "Washa. Kanyaga kidogo, kidogo tu."

Nikakanyaga. Magurudumu ya nyuma yakarusha mchanga. Ya mbele yakatulia kimya kama mashabiki wa timu iliyofungwa nyumbani.

"Mjukuu wangu," mzee alisema, "fowili umeiweka mkononi. Miguuni hujaweka."

Akainama kwenye gurudumu la mbele la kulia. Katikati yake kuna kitu cha duara, kama kifuniko cha chupa kubwa. Mimi siku zote tisa nilidhani ni urembo. Kina maandishi mawili, FREE na LOCK. Mzee akakizungusha kwa vidole mpaka kikafika kwenye LOCK, akaenda upande wa pili akafanya hivyo hivyo.

Kisha akaniagiza nipunguze upepo kwenye matairi yote manne, akafukua mchanga mbele ya magurudumu kwa jembe lake, akaweka matawi. "Sasa weka ile gia ndogo kabisa. Usikimbie. Mwache mnyama atembee mwenyewe."

Samurai ikatoka korongoni taratibu kama vile haijawahi kukwama.

Nilitazama saa. Tulikaa mchangani dakika 40. Ni karibu kipindi kizima cha mpira, na mtoto wa mtu amevunjika mguu, kwa sababu ya kitu kinachozungushwa kwa vidole viwili.

Hospitali, daktari alituambia mfupa wa ugoko umevunjika lakini ngozi haijachanika, na kijana atacheza tena akipona vizuri. Halafu akaongeza, akinitazama mimi niliyejaa tope: "Mmechelewa. Kwa uvimbe huu, mngekaa zaidi tungekuwa tunaongea mengine."

Usiku ule sikulala. Nimesomea stashahada ya uandishi wa habari, nikafundishwa kuhakiki kila kitu kabla ya kukiandika. Gari nilinunua bila kuhakiki hata gurudumu.

KWA NINI MWANDISHI WA SOKA ANUNUE GARI?

Wasomaji wetu wa Dar es Salaam wanaweza kujiuliza. Ligi Kuu hapa Dodoma haina shida. Tangu Dodoma Jiji, Walima Zabibu, wapande daraja kucheza msimu wa 2020/21, mimi natoka chumbani kwangu Majengo na kutembea kwa miguu mpaka Uwanja wa Jamhuri. Wakubwa wakija, siku hizi wana lami na tangu mwaka 2024 wana treni ya SGR.

Shida ni soka lile lingine, la ligi za wilaya na ligi ya mkoa. Lile la Kondoa, Chemba, Mpwapwa, Kongwa na Bahi. Huko ndiko anakotoka yule winga ambaye miaka minne baadaye mtamwimba jina.

Huko lami ikiisha, imeisha. Kiangazi ni vumbi jekundu na mchanga wa makorongo. Masika, ambayo kwetu ni msimu mmoja tu kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, udongo mweusi wa mbuga za Bahi unashika tairi kama gundi.

Miaka mitatu nilikuwa naenda kwa bodaboda na mabasi madogo. Nikishindwa kufika, napiga simu. Msimu uliopita nilipiga simu nikaambiwa mfungaji ni fulani. Nikaandika, gazeti likatoka. Jumatatu akanipigia mfungaji halisi.

"Kaka, mimi baba yangu alinunua gazeti," aliniambia. "Alinunua mawili." Hakutukana. Ingekuwa nafuu kama angetukana.

Siku hiyo niliamua kununua gari. Nilikuwa na akiba yangu kidogo, nyingine mama alinikopea kwenye kikoba chake. Jina lililoandikwa kwenye daftari la kikoba ni la mama, si langu. Nisiporejesha, anayeaibika mbele ya wanawake wenzake ni yeye.

Dalali alinionyesha Samurai. Gari limezaliwa kabla yangu, lakini lilikuwa limepigwa rangi mpya na redio ilikuwa inapiga vizuri. "Injini haijawahi kufunguliwa," aliapa. Nikasikiliza redio, nikazunguka mtaa mmoja, nikalipa. Nikabadilisha kadi, nikakata bima, nikajiona tajiri.

Mnajua Mji wa Serikali hapa Dodoma upo Mtumba. Wenzangu wakaanza kunitania kwamba hata mimi sasa niko Mtumba, ila wangu ni wa magurudumu manne.

BENCHI LA UFUNDI, KIZOTA

Jumatatu baada ya korongo nilienda gereji moja ya mtaani, Kizota. Fundi mkuu ni mtu mzima wa makamo, Yanga damu damu. Msaidizi wake, kijana aliyesomea ufundi wa magari VETA, ni Simba. Hapo hapahitaji redio.

Nilimwambia fundi ukweli wote. Hakucheka. Alisema: "Dogo, umenunua mchezaji bila kumpima afya. Tumpime sasa."

Sikutaka kuacha gari na kuondoka. Niliomba nifundishwe, nilipe na muda wangu. Tulikubaliana Jumatatu na Jumanne, siku ambazo dawati la michezo linapumua, niwe pale na ovaroli.

Somo la kwanza lilikuwa lile la aibu yangu. Fundi aliingia chini ya gari, nami nikajilaza ubavuni kwake.

"Ona. Hapa katikati kuna boksi la pili, nyuma ya gia boksi. Linagawa nguvu. Shafti moja inaenda nyuma, nyingine inaenda mbele. Ukivuta gia ndogo, hii ya mbele inazunguka mpaka kwenye difu na kwenye ekseli. Lakini kama habu ziko FREE, ekseli inazunguka peke yake na gurudumu halina habari."

Nikauliza, basi kwa nini wasiziache zimefungwa siku zote? Akasema habu zikiwa wazi, vyuma vya mbele vinapumzika barabarani. Gari linakuwa jepesi, mafuta yanapungua kuliwa na vyuma havichakai bure.

Yule msaidizi wa Simba akaingilia. Alichora kona kwa chaki sakafuni. "Gari ikikata kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye mchanga, tairi linateleza kidogo, mambo yanaisha. Kwenye lami haliwezi kuteleza. Vyuma vinaanza kupigana ndani kwa ndani. Ukikaa na fowili kwenye lami, utavunja kitu."

Fundi akafunga mada kwa lugha ninayoielewa. "2H ni mpira wa kawaida. 4H ni mabeki wa pembeni wamepanda, timu nzima inashambulia. 4L ni umeingiza viungo wakabaji wawili. Kasi huna tena, lakini hakuna wa kukusukuma. Na kumbuka, 4L unaingiza gari likiwa limesimama. Usije ukaniletea gia boksi kwenye mfuko wa rambo."

KUCHEMSHA KABLA YA KONGWA

Nilidhani nimehitimu. Wiki iliyofuata nikaenda mechi Kongwa. Kutoka Dodoma unashika barabara ya Morogoro mpaka Mbande, halafu unakata kulia. Ni lami tupu, mteremko na mwinuko kidogo, nikasema leo napumzika.

Baada ya Mbande nikaona mshale wa joto unapanda. Niliukumbuka mkono wa mama kwenye daftari la kikoba, nikasimama papo hapo chini ya mbuyu. Moshi mweupe ulikuwa umeanza kutoka mbele.

Nilitaka kufungua mfuniko wa rejeta. Dereva wa lori aliyesimama kunisaidia alinishika mkono. "Mdogo wangu, hayo maji yamefungiwa yakiwa yanachemka. Ukifungua yanakurukia usoni. Kaa, piga stori." Tukapiga stori saa nzima. Nilifika Kongwa mechi ina dakika 30 kwisha.

Kesho yake gereji, fundi alimimina maji ya rejeta kwenye beseni. Yalikuwa na rangi ya ukuta wa tope. Mwenye gari wa zamani alikuwa anajaza maji ya bomba miaka yote, kutu ikajaa kwenye vijia vyembamba vya rejeta. Kwa nje nako kulijaa mbegu za nyasi na tope lililokauka. Mkanda wa feni ulikuwa umelegea.

Halafu akafungua sehemu inayokaa themostati. Palikuwa patupu.

"Wameitoa," alisema. "Wengi wanaamini ukiitoa gari haitachemsha. Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa ili ipate moto haraka. Ikipata moto unaotakiwa, mlango unafunguka na maji yanaenda rejeta kupoa. Ukiung'oa, injini inachelewa kupata moto, inakunywa mafuta, na ugonjwa wenyewe bado uko pale pale kwenye rejeta. Ni kama kocha anayemtoa kipa kwa sababu mabeki ni wabovu."

Tulizibua rejeta, tukaweka themostati, mkanda mpya na maji yenye dawa ya kuzuia kutu. Niliuliza, je, nisingesimama pale Mbande? Fundi akaonyesha kwa kidole pale kichwa cha injini kinapokaa. "Hapa kuna gasketi. Ingeungua, maji yangeingia kwenye oili, na kichwa kingeweza kupinda. Huo mkopo wa mama yako ungeishia hapa."

Ndiyo maana sasa ninapoamka, kabla ya kusoma msimamo wa ligi, nafungua boneti. Nakagua maji, oili, mafuta ya breki na mkanda. Ni dakika tano tu. Nikikuta oili imegeuka rangi kama chai ya maziwa, najua maji yameingia mahali ambapo hayatakiwi, na gari haliwashwi.

YA KONGWA NI YA ZAMANI

Baadaye nilirudi kumshukuru yule mzee wa korongoni. Nilimpelekea sukari na majani ya chai, yeye akanikaribisha ugali wa uwele na mlenda. Nikamuuliza alijulia wapi mambo ya habu.

Alisema aliendesha malori miaka mingi, na kabla yake baba yake alikuwa kibarua kwenye matrekta ya Kongwa.

Wale waliosoma historia wanaujua mradi ule. Mwaka 1947 Waingereza walianza kulima karanga Tanganyika kwa kiwango ambacho hakijaonekana, na Kongwa, hapa hapa mkoani kwetu, ikawa mwanzo. Dunia ilikuwa imetoka vitani, matrekta mapya hayapatikani. Wakanunua ya mtumba, mengi mabaki ya majeshi, mengine yakatoka mbali hadi Ufilipino. Baadaye wakachukua hata vifaru vya Sherman wakavigeuza matrekta.

Wote mnajua mbuyu. Na mnajua udongo wetu, mvua ikikatika unakuwa kama saruji. Mashine zikaanza kufa, spea hazipo, na waendeshaji wengi walikuwa wanajifunza wakiwa tayari wako kazini. Januari 1951 mradi ulifutwa, na Waingereza wakaandika hasara ya takriban pauni milioni 36.

"Baba alikuwa anasema wazungu wale walikuja na mashine za kutosha," mzee alinisimulia. "Hawakuja na subira."

Nililitafakari sana neno hilo nikiwa narudi mjini. Serikali nzima ilinunua mtumba bila kuujua, mimi ni nani?

HATA SAFARI RALLY ILISHINDWA NA GARI LILILOTUMIKA

Chumba cha habari nako sikusalimika kwa matani. Ila mkongwe mmoja wa dawati letu alinivuta pembeni akaniambia mtumba si aibu, nisome habari za Joginder Singh.

Nimesoma. Joginder, Mkenya aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva maarufu wa mbio. Mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant walishinda East African Safari wakiwa na Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika kwenye mashindano na wengine kabla yao. Gari la mkononi likazipiga timu za viwanda. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi Lancer.

Mashindano yale, yaliyoanza mwaka 1953, enzi hizo yalipita Kenya, Uganda na kwetu Tanganyika, kwenye tope na vumbi hili hili. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Na tusijidharau, Bert Shankland, aliyekuwa anaishi Dar es Salaam, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Peugeot 404.

Leo Safari Rally imerudi kwenye ubingwa wa dunia tangu mwaka 2021, kule Naivasha, na kila timu ina kikosi cha mafundi kinachobadilisha gia boksi kwa muda ambao mimi natafuta spana namba 14. Lakini gari likikwama katikati ya hatua, wa kulitoa ni dereva na msaidizi wake. Ndiyo maana Joginder fundi alikuwa na faida ambayo haionekani kwenye saa.

Fundi wangu nilipomsimulia, alijibu kwa kifupi: "Si nimekwambia? Ubingwa unaanzia gereji." Msaidizi akasema ndiyo maana Yanga hawana gereji. Kazi ikasimama nusu saa.

KURUDI KORONGONI

Mwezi wa pili baada ya ajali, timu ile ile ilikuwa na mechi ya marudiano nyumbani. Mvua ilinyesha usiku kucha. Saa mbili asubuhi kocha akanipigia: waamuzi watatu wamekwama, bodaboda zimekataa kwenda. Bila waamuzi hakuna mechi, na kwa wenyeji kila pointi ilikuwa na maana.

Niliwachukua waamuzi watatu na begi lao la bendera. Nyuma nilikuwa na vitu ambavyo miezi miwili iliyopita sikuwa navyo: chepe, kamba ya kuvutia, pampu ya upepo, galoni la maji, mkanda wa feni wa akiba na sanduku la huduma ya kwanza. La mwisho hilo nililinunua kabla ya yote. Kwenye Ligi Kuu kanuni zinataka gari la wagonjwa liwepo uwanjani. Huku chini gari la wagonjwa ni lolote lililopo.

Lami ilipoisha nilisimama. Nikashuka nikafunga habu ya kulia, nikafunga ya kushoto, nikavuta 4H. Mwamuzi wa kati akauliza kama gari limeharibika. "Hapana," nikamjibu, "linavaa viatu."

Korongoni maji yalikuwa mengi kuliko siku ile. Sikuingia. Nilishuka, nikakata fito, nikatembea mpaka ng'ambo nikipima kina na kukanyaga chini kusikia kama pana mchanga laini. Maji yalikuja chini ya goti. Kama yangepita hapo, au kama yangekuwa yanakwenda kwa kasi, tungesubiri, mechi na iahirishwe. Waamuzi watatu wana watoto.

Nikapunguza upepo wa matairi kutoka 26 mpaka 15. Nikasimamisha gari, nikaweka 4L, gia namba mbili. Mguu nikautoa kwenye klachi na kuuweka mbali kabisa ili nisishawishike. Tukaingia, maji yakalia chini ya sakafu. Hakuna aliyeongea. Samurai ikatembea kama ng'ombe anayejua njia ya zizini.

Ng'ambo, waamuzi walipiga makofi. Mimi nilizima injini nikashuka kukagua, kwa sababu mikono ilikuwa inanitetemeka na sikutaka waione.

Yule beki wa kulia alikuwa chini ya mbuyu na magongo yake, mguu umefungwa hogo jeupe lililoandikwa majina ya wenzake wote. Nilikaa naye kipindi cha kwanza. Nilitaka kumwomba radhi kwa zile dakika 40, nikashindwa kuanza.

Mwisho nikamwambia tu: "Siku ile sikujua kufunga habu."

Alikaa kimya, akiangalia mpira. "Mama aliniambia," alisema. "Aliniambia pia hukutuacha." Kisha akanyoosha kidole uwanjani: "Kaka, muone huyo anayecheza namba yangu. Anapanda halafu harudi."

ULIYE NJIANI KUNUNUA

Kwa kuwa wengi mnanipigia simu siku hizi kuuliza habari za Samurai kuliko habari za usajili, haya ndiyo ningependa mtu aniambie mapema.

Usiende kwa dalali peke yako, nenda na fundi wako, si wake. Omba uwashe gari likiwa limelala baridi, maana gari lililopashwa moto kabla hujafika linaweza kuwa linafichwa ugonjwa. Fungua mfuniko wa oili na wa rejeta. Lala chini uangalie kutu na mafuta yanayovuja kwenye difu zote mbili. Jaribu fowili mchangani, si kwenye maneno, na uone magurudumu ya mbele yanavuta. Bei ikishuka ghafla, jiulize kwa nini. Na katika pesa zako, bakiza za gereji, kwa sababu mtumba lazima uutengeneze mara ya kwanza ili uwe wako.

Ukishavuka maji, mwambie fundi akague mafuta ya difu. Yangu baada ya korongo la kwanza yalikutwa na maji, na sikuwa najua. Ukitoka kwenye vumbi letu, pangusa kichujio cha hewa. Hayo yote nimeyafanya kwa mikono yangu, na kucha zangu ni ushahidi.

Jioni ile nilipowarudisha waamuzi, tulipanda lami na usukani ukaanza kuwa mzito kwenye kona. Nilikuwa nawaza lidi ya habari yangu. Nikashtuka, nikasimama pembeni. Nikarudisha 2H, nikafungua habu ya kulia, nikafungua ya kushoto, nikajaza upepo kwa pampu huku waamuzi wakisinzia.

Kikoba cha mama bado kinanidai marejesho manne. Hajawahi kuniuliza, ila kila Jumapili akinipigia anaanza na "gari linaendeleaje?" kabla ya kuuliza afya yangu.

Mechi iliisha kwa sare ya bao 1-1. Bao la wenyeji lilifungwa dakika ya 88 kwa kichwa. Mfungaji nilimwandika kwa jina lake sahihi, maana safari hii nilikuwepo.